Mwito wa Ndiva Mbele ya Bwana Disii

Mchungaji alitukusanya barazani kwenye stesheni ya Same, kwa kuwa jua lilikuwa kali na kivuli kingine hakikuwepo, akatueleza masharti. Tungeimba nyimbo zote za mchezo wetu wa zamani, isipokuwa mmoja.

Zamani hizo tulikuwa wanafunzi wa shule ya misheni kule Gonja. Tulikuwa na mchezo ulioimbwa tangu mwanzo hadi mwisho, nao ulituzungusha milima yote ya Upare, kutoka Myamba mpaka Ugweno. Watu waliacha kuvuna waje kututazama. Watoto walituita kwa majina ya kwenye mchezo, na mimi, niliyeigiza jumbe mbaya, niliwahi kurushiwa mabua ya mahindi na bibi mmoja aliyekataa katakata kuamini kwamba naigiza tu. Kisha tukatawanyika. Mimi nilikwenda chuo kikuu huko Uganda, nikarudi na tabia ya kuuliza uliza ambayo baba aliiita ugonjwa. Sasa Malkia mpya alikuwa ametawazwa, Bwana Disii, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, alitaka burudani ya wenyeji kwenye sherehe, na mtu fulani akatukumbuka.

Wimbo uliokatwa ndio uliobeba mchezo. Jumbe anafunga ndiva, lile bwawa la kijiji linalokusanya maji ya mlimani, ili mashamba ya chini yakauke. Msichana anapanda kilimani, anaita msaragambo, watu wanatoka na majembe na kuifungua. Kwetu msaragambo ni kazi ya pamoja ya kila msimu, ndivyo mifereji yetu inavyochimbwa. Mwito ukisikika, kila mwenye nguvu husimama alipo, huitikia, kisha hufuata jembe lake. Anayebaki amekaa hutozwa faini na kuchekwa mpaka msimu mwingine.

"Kwa nini huo?" nikauliza.

"Ni wa kienyeji mno."

"Na hizo nyingine ni za wapi, Mchungaji? Za Uingereza?"

"Chuo kimekuharibu, kijana."

"Hata baba anasema hivyo. Lakini hujanijibu."

Akajibu kwa sauti ya chini. Watu wa milimani walishawahi kushuka Same kwa ajili ya kodi, wakakaa bomani wakakataa kuondoka, na serikali ilikuwa haijasahau. Wimbo wa kuwaita watu mbele ya Bwana Disii? Hapana. Kisha akamgeukia dada aliyekuwa akiigiza msichana.

"Na wewe mama, ukiuimba, nakutenga. Kwaya utaiacha, na meza ya Bwana hutaikaribia mpaka utubu mbele ya usharika."

Dada yule hakuwa ndugu yangu wa damu, ila alinitangulia shuleni, na shikamoo yangu aliipokea kama haki yake. Alikuwa ameolewa Maore, na ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa pale, kanisa la Mchungaji huyo. Asubuhi hiyo tu alikuwa ameniambia kwamba kwenye kwaya ndipo palipobaki pa kuimba. "Nikiikosa," alisema, "nitawaimbia mbuzi."

Mchungaji alipoondoka tukala makande. Nikamshauri aache. Nikamwambia sherehe yenyewe ni ya Malkia asiyemjua wala kujulikana naye, na wimbo si kitu cha kupotezea kwaya. Dakika hiyo hiyo nikamwambia kwamba akiacha tutakuwa tumekubali kuimbishwa kama kasuku. Alitafuna akinisikiliza.

"Mdogo wangu, una maswali kama mchanga. Mimi ninalo moja."

"Lipi?"

"Tukiuruka mwito, ndiva inafunguliwaje? Inajifungua?"

Akanipa sufuria niikwangue.

Alasiri uwanja ulijaa. Upepo wa Same ulitupiga vumbi usoni, bendera ikawa inajikunja mlingotini. Bwana Disii na mkewe walikaa vitini, Mchungaji kando yao, na watu wa milimani chini kwenye nyasi kavu. Walitukumbuka. Nilipotokea na fimbo ya jumbe walinizomea kwa raha kabisa. Nikaifunga ndiva. Mpiga kinanda, kama alivyoagizwa, akaruka moja kwa moja hadi wimbo wa shukrani.

Dada hakuingia kwenye wimbo. Kinanda kikarudia mwanzo, hakuingia tena. Akapiga hatua mbele, akawaelekea watu badala ya viti, akaita kwa Chasu, lugha yetu Wapare, sauti ile ile, nzito kidogo sasa.

Mzee mmoja alisimama kabla hata hajafikiri. Kina mama waliokuwa nyuma yake wakasimama, kisha uwanja mzima, wakaitikia. Mimi nisiyeamini mambo mengi, tena niliyekuwa adui katika mchezo, niligundua kinywa changu kiko wazi na kinaitikia. Bwana Disii alitazama kulia, akatazama kushoto, akadhani ni wimbo wa Malkia. Akanyanyuka haraka, akavua kofia, akakaza mikono mapajani. Mkewe akasimama, askari wakasimama. Na Mchungaji, Mpare kama sisi, alikuwa amesimama tangu mwanzo, akiitikia.

Mwisho Bwana Disii alimwambia mkalimani atushukuru kwa heshima tuliyompa Malkia. Tulicheka ndani ya lori mpaka mtu akapaliwa. Mchungaji hakucheka. Tulipofika Maore alimwambia dada kwamba neno lake liko pale pale.

"Lakini ulisimama, Mchungaji," nikasema.

"Nilisimama kwa ajili ya Bwana Disii."

"Ulimtangulia. Na kuitikia je, uliitikia kwa ajili ya nani?"

Akaenda zake bila kuniaga.

Jumapili nilikwenda kanisani Maore, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nirudi. Dada alikuwa peke yake kwenye benchi la nyuma kabisa, la waliotengwa, kitenge kimefungwa vizuri, kichwa juu. Alikuwa amekwisha kuambiwa atubu, akajibu kwamba hajaona cha kutubu. Kwaya mbele iliimba bila kiongozi, kila mtu kwa mwendo wake. Nikakaa karibu naye. Mzee wa kanisa akaja kwa kunyata.

"Kijana, hapa ni pa waliotengwa."

"Najua, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe hujatengwa."

"Basi nitengeni."

Alisimama pale akitafuta kanuni inayohusika, hakuipata, akarudi mlangoni. Ubeti wa pili ulipoanza, dada alivuta pumzi na kuimba kutoka pale nyuma, kwa sauti yote. Vichwa viligeuka, vikarudi mbele. Wanakwaya mmoja mmoja wakaanza kufuata mwendo wake. Nami nikafungua kinywa.

Akanipiga kiwiko.

"Wewe nyamaza," akaninong'oneza kati ya mistari miwili. "Utanipotezea sauti. Kaa tu."

Nikakaa.