Maji ya Wageni wa Mwenyekiti

Mtu akiniambia mwenyekiti wa kijiji hana gharama kwa sababu halipwi, najua papo hapo kwamba hajawahi kuwa mke wa mwenyekiti. Mimi nimekuwa, vipindi viwili, kwenye kijiji kisicho na maji. Mpaka leo nikimsikia kiongozi redioni anasema uongozi wa kijiji ni wa kujitolea, natamani angekuwa karibu nimkabidhi ndoo.

Nimezaliwa huku chini, Masasi, kwenye nyumba yenye kisima uani. Nikaolewa juu, Newala, si mbali na Kitangari, na ndiko nilikojua kwamba maji yanaweza kuwa safari. Unateremka bondeni na ndoo tupu, unapanda na ndoo imejaa, na siku imeisha. Mwenye nyumba ya bati huchimba kisima cha kuvunia mvua, akakisakafia kwa saruji na kukiwekea mfuniko wenye kufuli. Chetu mume wangu alikijenga kwa korosho za misimu kadhaa. Ufunguo ulikaa kwangu, kwenye pindo la kanga, na nilivyokuwa nayabana yale maji yalifika mpaka mvua nyingine.

Hiyo ni kabla hajachaguliwa.

Alichaguliwa miaka ile soko la korosho lilipofunguliwa. Zamani chama cha ushirika kilinunua, kikachelewa kulipa, tukakitukana, basi. Sasa wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na lori lake na mizani yake, na kila mmoja lazima apite kwa mwenyekiti. Wakaja pia wakulima waliopunjwa na hao wanunuzi. Wakaja wa mipaka ya mikorosho, wa mbuzi walioingia kwenye mihogo, wa ndoa zilizoshindikana, na maofisa wa halmashauri wenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Wote hao walikaa kwenye benchi letu barazani, na huwezi kumwacha mgeni akae na koo kavu. Shikamoo mama mwenyekiti. Marahaba, karibu, maji haya hapa. Wengine walikunywa, wakaomba na ya kunawa uso, na mmoja, Mungu ananiona, aliosha baiskeli. Mtendaji wa kijiji, ambaye alikuwa na mshahara, alifunga ofisi mchana na kuwaelekeza watu kwetu. Sikumwona hata siku moja akiwa na ndoo.

Kufika Septemba, kopo lilikuwa linakwaruza sakafu ya kisima. Nikarudi bondeni, mke wa kiongozi, shingo imeingia mabegani, huku mume wangu yuko barazani anasuluhisha watu. Mikorosho yetu nayo ilikosa dawa ya salfa kwa wakati kwa sababu hiyo hiyo. Nikamwambia aache uenyekiti. Akasema kipindi kikiisha.

Ndipo mwalimu mmoja mstaafu akaleta hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwamba mwenyekiti apewe posho, itoke kwenye ule ushuru wa korosho unaorudi kijijini. Nilikaa mbele kabisa. Sijawahi kuwasikia watu wazima wakisema maneno kama yale. Mmoja alisema tukimlipa atakuwa kama serikali, ataanza kutuambia njoo kesho. Mwingine akasema pesa zitamharibu, tumwache hivyo hivyo alivyo mzuri. Jirani yangu, ambaye kata ya maji ya kwetu aliijua kuliko ya kwao, akasimama akasema, "Posho ya nini? Huyu si anakula kwa wanunuzi?" Watu wakacheka.

Nikasimama na mimi. Nikasema posho kaeni nayo. Ninachotaka ni kila mwenye shauri aje na ndoo moja ya maji, aimimine kisimani ndipo aketi. Niliwaona wanawake wenzangu wanatikisa vichwa kukubali, maana wanajua shingo inavyouma. Tulikuwa tumekaribia kabisa. Basi mume wangu akainuka, akanyoosha shati, akasema yeye hakuomba uongozi ili achotewe maji na wananchi wake. Posho hataki, na ndoo hataki.

Makofi! Vigelegele! Wakampa mikono utadhani amerudi vitani. Hata wale wanawake. Nilirudi nyumbani peke yangu nikisema na barabara, na jioni walipokuja kumpongeza walikuta nimelala, ufunguo nimeulalia.

Msimu uliofuata mnunuzi mmoja alikamatwa na mizani inayoiba. Mume wangu akamzuia kununua mpaka mtu wa vipimo aje kuikagua. Haikupita wiki, mume wangu akiwa shambani, nikasikia gari linanguruma uani. Boza la maji. Dereva akashuka kwa adabu zake zote. "Shikamoo mama. Mzee ametutuma tuwajazie kisima. Ni zawadi tu, wala hataki kitu."

Nitasema ukweli: mkono ulienda kwenye pindo la kanga. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye koki ya lile boza, yanalowesha mchanga wa uani kwangu, na mimi asubuhi ile nilikuwa nimenawa uso kwa kikombe. Lakini nilijua yakishaingia kisimani, ile mizani imepita, na kila kilo watakayoibiwa watu itakuwa imepitia mikononi mwangu. Nilimchukia kila mtu kwa zamu: mnunuzi, mkutano mkuu, mume wangu na shati lake. Kijiji kilichoninyima ndoo moja sasa kilikuwa kinanitegemea mimi nikatae boza zima. Nikamwambia dereva aondoke. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika.

Jirani yangu alikuwa amesimama uani kwake muda wote huo, anatazama. Boza lilipogeuza akaniita. "Mama mwenyekiti, si ungewaambia basi wamwage hata kwangu?"

Jibu nililokuwa nalo halisemeki mbele ya watoto. Mume wangu aliporudi nikamweleza yote. Akasema nimefanya vizuri sana. Nikampa madumu mawili, nikamwonyesha baiskeli ilipo. Alikwenda, sina neno, na aliporudi na maji alikuta wageni wawili wanamsubiri. Waliyanywa.

Kipindi kilipokaribia kwisha akaniapia kwamba hagombei tena. Nilifurahi, nikaanza hata kupanga mambo ya shamba. Halafu wakaja, wazee na vijana, wakajaa barazani, wakisema mtu safi kama huyu tutampata wapi. Niliwasikia kutoka jikoni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtu safi kama huyu tumlipe nini. Na kweli mwingine hakuwepo. Nani mwenye akili zake angeitaka kazi ile? Mume wangu akakubali. Niligonga sufuria mpaka barazani wakanyamaza.

Siku ya kura alikuwa mgombea peke yake, kwa hiyo tulipiga za ndiyo na hapana. Zikahesabiwa pale pale shuleni. Hapana zilikuwa mbili. Watu walikasirika kwa niaba yake, na jirani yangu akawa anapita huku na huku akisema hao wawili wamehongwa na mnunuzi.

Tulirudi kwa miguu, mimi na mume wangu, tukawaacha wenzetu na ngoma yao. Njiani akaniuliza kama nawajua waliomkataa.

"Moja ni yangu," nikamwambia. Sikuona sababu ya kuficha; neno lenyewe nilikuwa namwambia usoni kila siku.

Hakukasirika. Alitembea kidogo, akavua kofia, akasema, "Basi nyingine ni yangu."

Nilisimama katikati ya njia. Nikamuuliza kama ana wazimu. Kama hataki, mdomo anao, na baraza ilikuwa imejaa watu wa kuwaambia. Akasema ndiyo hiyo sababu, ilikuwa imejaa. Angeanzaje kuwakatalia nao wamekuja wote vile?

"Nilidhani wenyewe wataona nimechoka," akasema.

Nyuma yetu ngoma ilikuwa inaendelea, watu wanafurahi kwamba wamempata tena bure.