Sale la Kuomba Msamaha

Juzi nilikuwa sokoni Kwa Mrombo kwa mzee mmoja anayeuza miche, nikichagua mchaichai, akaja mama wa Kichaga mwenye viatu vya kisigino. Akaniamkia vizuri, kisha akauliza kama kuna sale, ule mmea wa Kichaga wa majani marefu.

"La uzio?" mzee akauliza.

"Nataka jani moja tu. Mama mkwe amefunga mizigo, kesho anarudi Machame. Nataka nimwombe msamaha."

Kwao ukimpelekea mtu jani hilo, ni vigumu akatae kukusamehe.

"Kwani umemkosea nini, mwanangu?" nikadakia.

Akatazama visigino vyake. "Niling'oa masale aliyoyapanda uani. Nilitaka niweke ukoka wa Nairobi."

Ndiyo mambo ya soko huria hayo: siku hizi hata majani yanavuka mpaka, na ya kwetu yanakwenda jalalani.

Mzee hakucheka. Akamng'olea mche mzima na udongo wake. "Jani mpe mkweo. Mche urudishe pale pale ulipong'oa."

Mama akaugeuzageuza. "Hautaniharibia ukoka?"

"Mfungie miwili, mzee," nikasema. "Huyu ataomba msamaha tena kabla ya Krismasi."