Machache Kabla ya Chakula

Miaka ya tisini, tulipokuwa tukiishi Edmonton, kaskazini mwa London, Desemba ilikuwa mwezi wa kula. Wakenya tuliofahamiana kanisani tuligawana Jumapili zake, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na Krismasi yenyewe kwa mwenye sebule kubwa. Giza liliingia saa kumi, na kila mtu alikuwa amechoshwa na zamu za kutunza wazee wa watu. Chakula ndicho kilichotukusanya: pilau, chapati za mafuta, mbuzi, na makreti ya soda yaliyoachwa nje ya mlango yapoe yenyewe.

Mke wangu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alijidunga insulini kabla ya kula, na nesi wa kliniki alikuwa amemwonya kwamba akishajidunga asikae bila kutia kitu mdomoni, sukari isije ikashuka mno akazimia. Kwa hiyo kila tulipoalikwa alibeba mkebe wake: viazi vitamu viwili vidogo, maharagwe, na sukuma wiki ya mafuta kidogo sana. Chakula cha wenyeji kikichelewa, alikula chake jikoni akipiga gumzo na akina mama wenzake, na hakuna aliyemsumbua.

Aliyesumbuka ni mimi. Kwetu mtu hajibebei chakula kwenda kwa mwenzake. Ni kama kusema huiamini sufuria yake. Nilimwambia hivyo mara nyingi.

"Baba, wenye nyumba wenyewe hawajalalamika," alinijibu.

"Hawawezi kukwambia. Watasema ukishaondoka."

"Basi waseme nikishaondoka."

Krismasi moja tulialikwa kwa rafiki yangu aliyehamia karibu na Rayners Lane. Siku hiyo London haina basi wala treni, kwa hiyo alikuja kutuchukua, sisi na binti yetu, kwa gari lake. Mke wangu alipopanda juu kuchukua koti, niliutoa mkebe kwenye mfuko wake nikauficha ndani ya friji, nyuma ya maziwa. Nilijiambia siku moja haidhuru. Yeye sikumwambia kitu.

Tulikuwa tumeahidiwa chakula saa saba. Saa nane na nusu akina mama walianza kupanga sahani mezani, na mke wangu, alivyofundishwa, akaenda bafuni akajidunga. Alipotoka, mwenye nyumba alikuwa amesimama akitutuliza. Kulikuwa na wageni wapya, wajitambulishe. Yakafuata maombi. Kisha akasema, mzee atupe machache kabla ya chakula.

Mzee ni mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilijua kusimama mbele ya watu. Katika ghala nililofanya kazi, la kupakia mboga, hakuna aliyewahi kuniomba neno.

"Shemeji, muwahi huyu," mwanamume mmoja akamwambia mke wangu. "Akianza, tutakula Mwaka Mpya."

Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaanza. Nilianzia nyumbani, nikaja kwenye mwaka wetu wa kwanza hapa, nikageukia kuwashauri vijana. Nilimwona mke wangu mlangoni pa jikoni akifungua mfuko wake. Alitia mkono, akautoa, akautia tena. Kisha akaniangalia, nikajua kwamba amejua. Nilimwonyesha kiganja, ngoja kidogo, nikaendelea kusema.

Nimejiuliza sana kwa nini hakuomba hata kipande cha mkate. Nadhani angeomba, angeulizwa mkebe wake uko wapi. Na nyumba nzima ilikuwa ikimkinga na vitu vitamu. Hata chai aliletewa isiyo na sukari, kwa kumjali.

Nilikuwa nimefika kwenye habari za umoja wetu alipoanguka. Alijaribu kushika meza akaikosa, mkono ukakunjika chini yake. Alikuwa amelowa jasho na maneno yake hayakueleweka. Mama mmoja miongoni mwetu, nesi, alitusukuma kando, akachovya kidole kwenye sukari akampaka ndani ya shavu, na alipoweza kumeza akamnywesha soda kidogokidogo.

"Amekula nini huyu tangu ajidunge?" akauliza.

Fahamu zilipomrudia, mke wa mwenye nyumba aliinama karibu naye. "Mama, kwani mkebe wako uko wapi leo?"

"Nimeusahau nyumbani," akasema. Hakuniangalia.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa nimetoka kuongea zaidi ya nusu saa bila kukosa neno, na sasa nilinyamaza.

Mkono ulikuwa umevunjika. Ambulensi ilimchukua pamoja na binti yetu, mimi nikafuata kwa gari la mwenyeji. Haukupona sawasawa. Hakuweza tena kuwainua wazee vitandani, na kazi ile ikamtoka. Kanisani jambo hilo likawa mzaha wa miaka. "Mama, leo umekumbuka mkebe?" Alicheka nao. Mimi pia nilicheka nao.

Alifariki katika miaka ya elfu mbili, figo zikiwa zimekataa kufanya kazi. Krismasi ya kwanza bila yeye, binti yetu alikuja kunipikia samaki wa kuoka, kabichi na wali kidogo, maana sukari ilikuwa imenipata na mimi. Nilikaa jikoni nikamweleza yote, kuanzia kwenye friji. Aliendelea kukata kabichi. Kisha akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba alikuwa akijua. Mama yake alimwambia siku ile ile, ndani ya ambulensi, akamkataza asiniulize.

"Kwa nini akukataze?" nikasema.

Alisema mama alitaka niseme mwenyewe. Kila Krismasi, wakiosha vyombo wawili tu, yeye alimuuliza mama yake kama baba amesema. Na mama kila mwaka alimjibu, bado.