R ya Rori

Kazi yangu hapa Doha ni makaratasi. Bosi wetu, mzee wa mtaa wa Muaither anayependa sana safari, aliamua kuizunguka China kwa gari lake mwenyewe. Yeye angepanda ndege, gari litangulie kwa barabara. Wa kulipeleka alikuwa dereva wake, Mkenya mwenzangu kutoka Kiambu, tuliyekaa naye chumba kimoja Al Thumama. Aliahidiwa kwamba akishalivusha mpaka tu, atapanda ndege moja kwa moja hadi nyumbani kwenye ruracio, siku ya mahari ya binti yake wa pekee. Siku hiyo baba ndiye anayewapokea wakwe.

Kuingia China na gari la kigeni si mchezo. Wakala wa kule huomba kibali miezi kabla, na kibali hutaja siku, mpaka na namba ya chesisi, herufi kwa herufi. Fomu niliijaza mimi. Kadi ya gari ilikuwa kwa bosi, kwa hivyo nikampigia dereva anisomee namba kwenye gari lenyewe. Ningemwambia atume picha, lakini nilikuwa na njaa.

Alipofika katikati akasema, "R."

Watu wa kwao tunawatania tangu shuleni kwamba L zao hugeuka R. Nikamuuliza, "R ya rori?"

Akacheka. "Eeh, hiyo hiyo."

Nikaandika L, nikaenda zangu kula wali.

Kumbe ilikuwa R kweli. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Gari lilifika mpaka wa Kazakhstan na China siku yenyewe, wakala akingoja upande wa pili, na afisa wa forodha akalinganisha namba akakataa. Kibali kipya, wakasema. Maombi yakaanza upya: forodha, polisi wa trafiki, mihuri ya mkoa. Katikati ikaingia sikukuu yao, ofisi zikafungwa. Dereva naye asingeweza kuliacha gari, maana liliingia Kazakhstan kwa pasipoti yake. Akabaki gesti ya mpakani wiki baada ya wiki.

Bosi aliuliza kosa ni la nani. Nikasema namba ilisomwa vibaya. Mwenzetu mmoja wa ofisini akacheka, "Huyo na R zake!" Nami nikacheka. Niliogopa kufukuzwa, na hadi leo naona haya.

Siku ya ruracio alinipigia kwa video akiwa kitandani kule gesti, amevaa suti.

"Brathe yangu ndiye amekaa kwa kiti yangu," akasema. "Msichana wangu ameniuliza mbona sikukuja."

Nilifungua kinywa nimwambie ukweli. Akaniwahi.

"Na wewe pia, pole. Nimekuharibia kazi. Hii urimi yangu itanimariza."

Nikamwambia, "Usijali, yameisha." Nilimsamehe kosa langu mwenyewe, naye akanishukuru.

Gari lilivuka baadaye, bosi akatembea akarudi na picha zake. Dereva tungali tunaishi naye. Siku hizi nikihitaji namba yoyote ya gari, hanisomei tena. Huipiga picha, hunipa simu na kusema, "Soma wewe. Mimi sijiamini."

Nami huipokea, nikasoma.