Ndoo Moja ya Mahindi

Kazini walimwita Mama Punje, na hakukasirika, maana kazi yake ilikuwa kumimina mahindi mezani, kupima mwinamo wa lundo, kisha kuifundisha kompyuta. Kwenye kioo cha kompyuta anamwaga punje za kuchora, anaongeza msuguano, anapunguza, mpaka lundo la kompyuta lilale sawasawa na la mezani. Namba ikipatikana, fundi anachonga kwayo faneli ya ghala jipya, ile ya chini inayotoa mahindi.

Namba ilipatikana: nyuzi ishirini na tatu. Akasaini. Bosi akampongeza. Sasa mbona wasiwasi siku tatu mfululizo?

Kisa ni mdogo wake. Yeye ndiye kibarua wa ghala la zamani. Mahindi yakigoma kushuka, huingia ndani na mti kuyachokoa. Mwaka jana yalimfunika hadi kifuani. Faneli mpya ikilala mno, mahindi yatakwama, naye ataingia tena, na safari hii nani ajuaye?

Saa sita mchana fundi akapiga simu. "Dada, saa nane tunakata mabamba."

"Kateni," akajibu, huku mkono umezama ndooni. Ndipo vidole vikamwambia. Mahindi yalikuwa yanateleza, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Yarabi! Ndoo ileile, miezi miwili, ameimwaga na kuizoa mara mia na ushee. Vumbi na pumba zote zimeisha. Amepima mahindi yaliyosuguliwa, ambayo hakuna ghala litakaloyaona!

Akampigia mdogo wake. "Niletee gunia la leo. Usiulize, kimbia!"

Alifika anahema, gunia begani. Wakamwaga. Lundo likasimama wima zaidi kuliko lile la kwanza. Akainama, akapima: nyuzi ishirini na tisa. Akairudisha kompyuta jikoni, kama walivyozoea kusema kazini, yaani akaifundisha upya: akaongeza msuguano mpaka malundo yakalingana, kisha akajaribu faneli iliyochorwa. Punje zikashuka kidogo, zikakwama. Akanyakua simu.

Saa nane kasorobo. Fundi hapokei. Akapiga tena. Mashine zinanguruma huko, atasikia wapi? Mara ya tano ndipo akapokea.

"Umekata?"

"Ndiyo kwanza nawasha."

"Zima! Namba ni mbovu. Kosa ni langu, mwambie bosi hivyohivyo, nami namwambia sasa hivi."

Akakaa chini, puu. Mdogo wake akachota mahindi ya zamani ndooni, akayageuzageuza kiganjani.

"Haya hata mimi niliyaona," akasema taratibu. "Siku ile nilipokuletea funguo. Nikasema mbona yameota mng'aro? Nikanyamaza. Msomi ni wewe, dada."

"Na yangekwama, ungeingia?"

"Si ningetumwa? Ningeingia."

Mama Punje akamshika mkono kwa nguvu, mpaka punje zikawauma wote wawili. Machozi yakamtoka bila haya.

"Siku nyingine sema, mdogo wangu. Hata nikikukunjia uso, we sema tu."