Injini Chini ya Dirisha la Baba

Ukuta wa mbele wa nyumba yetu pale Ng'ambo una doa jeusi chini ya dirisha la baba. Nimelipaka chokaa mara tatu, linarudi. Mke wangu anasema niliache, watu wamekwishalizoea. Lakini ninayelipita kila siku nikiingia ndani ni mimi, na aliyeliweka ni mimi.

Baba alikuwa dereva wa lori. Baba yake alisukuma mkokoteni sokoni, na kabla ya huyo walikuwepo waliokuja mjini huku na misafara, mizigo kichwani, wakachoka, wakabaki. Kubeba vitu vya watu ndiyo kazi ya ukoo wetu, nyingine hatuijui vizuri. Macho ya baba yalipofifia alinikabidhi lori, ila kulisikiliza alibaki nako mwenyewe. Kila alfajiri ya safari, nikirudi kutoka msikitini, niliwasha injini hapo hapo nje, chini ya dirisha lake, naye akaisikiliza akiwa kitandani. Ikishapata moto na kutulia, aligonga ubao wa dirisha kwa fimbo mara mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa ruhusa yangu ya kuondoka. Akigonga mara moja, kuna kitu: mkanda umelegea, au nozeli moja ya mafuta haipulizi sawasawa, niende kwa fundi kwanza. Alikosea mara chache sana, na fundi wangu hakumpenda kwa sababu hiyo. Sikuwahi kusafiri bila kugongewa. Afadhali ningesahau viatu.

Kisha kifua kikaanza kumsumbua. Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha asubuhi tu, baadaye hata vidaraja viwili vya baraza vikamshinda kuvipanda bila kupumzika. Tukampeleka kwa daktari, binti mmoja mpole, akatuuliza kama nyumbani kuna anayevuta sigara. Hakuna. Mnapikia nini? Mkaa. Akasema mzee huyu asikae karibu na moshi wa aina yoyote.

Tukaondoa moshi. Jiko likahamishiwa mwisho wa ua, mama akawa anapikia chini ya kipande cha bati, mvua ikinyesha anabeba sufuria huku ameshika mwavuli. Udi aliokuwa akifukiza kila Alhamisi tangu nipate akili ukafungiwa kabatini. Jirani aliyekuwa akichoma takataka nilimfuata nikamtolea maneno ambayo mpaka leo naona haya tukikutana. Lori hakuna aliyelitaja. Naapa halikutupitia hata akilini. Kwetu moshi ulikuwa wa kuni, wa mkaa na wa sigara. Ule wa lori ulikuwa harufu ya riziki.

Baba alivyozidi kudhoofika, fimbo nayo ilizidi kuchelewa. Zamani dakika tano zilitosha. Zikawa kumi, ikawa robo saa, ikawa hata zaidi. Nilikaa kwenye usukani nikijiambia kwamba masikio nayo yanazeeka, mzee anahitaji muda. Nikimsikia anakohoa ndani, nilikanyaga mafuta kidogo ili injini imfikie vizuri. Hilo nimeliandika na kulifuta mara kadhaa kabla ya kuliacha hapa.

Mwaka huo huo mtaa wetu ukaitisha mkutano. Malori yalikuwa yameongezeka, watu wamechoka. Tukasomewa sheria ndogo: ni marufuku kuacha injini inanguruma mbele ya nyumba za watu wakati gari limesimama, na gari linalotoa moshi mweusi liende kwa fundi kabla ya kurudi mtaani. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa nyuma nimenuna. Niliona hii ni kazi ya watu wasiojua injini ya dizeli ni nini.

Siku ya tatu mjumbe wetu, mama wa makamo anayekaanga vitumbua kwenye kona, alikuja akasimama kando ya mlango wa lori.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Zima gari, mwanangu."

"Bado halijapata moto."

"Nimewasha jiko, nimekaanga, nimeepua. Wewe bado uko hapa hapa."

"Namsubiri mzee agonge."

Alilitazama dirisha, kisha akanigeukia. "Na huo moshi wote unaingia wapi?"

Nikamjibu kwamba sheria zao zimetungwa na watu ambao hawana wazazi wa kuwaheshimu. Hakubishana nami, akarudi kwenye vitumbua vyake. Nikashuka ili nimwonyeshe, hata kama alikwishageuka, kwamba moshi unapanda juu na kupotea. Haukupanda. Ulikuwa unagonga ukuta, unajikusanya chini ya upenu, na kuingia taratibu katikati ya mbao za dirisha lililoachwa wazi ili mzee asikie.

Nikazima. Ndani baba alikohoa kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Limezimika lenyewe?"

Niliingia, nikaketi kitandani kwake. Shuka lilinuka dizeli. Mto ulinuka dizeli. Chumba hicho nilikuwa nikiingia kila nilipokuwa nyumbani, na pua yangu haikuwahi kuniambia kitu.

"Nimelizima mimi, baba. Moshi wote unakuja kwako. Kuanzia kesho nitakuwa naliwashia kule uwanjani, upande wa Cheyo."

"Kule sitalisikia."

"Fundi atanisikilizia."

"Fundi wako kiziwi." Alitabasamu kidogo, akapumzika, akaendelea. "Ila lori halina shida. Siku zote hizi linapata moto upesi, kama zamani."

"Sasa mbona ulikuwa unachelewa kugonga?"

Alipapasa fimbo juu ya blanketi. "Nikigonga, unaondoka. Ukiondoka ni siku nne. Mimi sijui kama hizo nne ninazo."

"Na moshi, baba? Ulikuwa huoni unakuumiza?"

"Nilikuwa naona," akasema.

Nilikasirika, nadhani. Nilimkasirikia yeye, kisha nikajikasirikia mimi, na hasira hiyo ya pili haijaisha.

Tangu siku hiyo niliifuata sheria kuliko mtu yeyote mtaani. Lori likalala uwanjani. Nilijiwekea kwamba zile dakika nilizokuwa nikizimaliza kwenye usukani nitazimaliza kitandani kwake, na kwa siku chache nilifanya hivyo. Lakini hatukujua kuongea. Miaka yote hiyo injini ndiyo iliyokuwa ikituongelea, na sasa tulikaa tukitazama pazia, nikamuuliza kama amelala vizuri, akaniuliza kama tairi za nyuma zina upepo. Yeye alifurahi hata kwa hayo. Mimi niliona muda unapotea.

Ikaja asubuhi moja ambayo nilikuwa na mzigo wa haraka. Nilitoka msikitini nikaenda moja kwa moja uwanjani, nikijiambia nitamwona nikirudi. Simu ya mama ilinikuta nimeshaipita Isikizya, nje ya mji. Niligeuza lori na mzigo wake, nikafika wakati wanaukosha mwili wake.

Mjumbe alikuja msibani na ndoo ya vitumbua, akanipa mkono, wala hakugusia mambo ya moshi. Aliyenieleza habari za asubuhi ile ni mama, siku ya tatu, wageni walipokwisha kupungua. Alisema baba aliamka mapema, akaomba afunguliwe dirisha. Mama akamfungulia. Hewa ilikuwa safi, barabara tupu, vijogoo tu. Baba akalala kwa ubavu kama kawaida yake, akasikiliza muda mrefu sana. Mwisho akainua fimbo, akagonga ubao mara mbili.