Pembe Mbili za Baruti

Shule niliiacha darasa la pili, lakini kupima baruti nilijua kuliko wavulana wote wa kwetu. Baba alikuwa na gobore la kufukuza nyani shambani. Mikono yake ilitetemeka, kwa hiyo mpimaji nilikuwa mimi: kipembe cha mbuzi kimejaa baruti, kitambaa, kipembe kingine cha marisawa, zile risasi ndogo kama mtama, kitambaa tena. Unashindilia kwa ufito. Sharti la baba lilikuwa moja: ukishapakia, uache ufito mdomoni mwa bunduki, ili anayekuja ajue imeshiba.

Siku moja nilipakia, mama akaniita twende mtoni, nikauchomeka ufito chini ya mtutu badala ya kuuacha mdomoni. Nyani wakaja. Kaka yangu akapakia juu ya mzigo wangu. Bunduki ikampasukia. Ilimla jicho moja na vidole vitatu.

Baba alimuuliza, "Ulitia pembe ngapi?"

"Moja."

Baba akanitazama mimi. Kisha akawaambia majirani, "Chuma kilikuwa kimeoza. Kosa ni langu."

Nikafunga mdomo. Kaka alimchukia baba maisha yake yote. Tulipomzika mzee, alisimama kando ya ua, hakutupa hata konzi moja ya udongo.

Sasa sisi ndio wazee. Mimi niko mjini, mtaa wa Umoja, nina wajukuu saba na wote wamesoma. Yeye yuko Dandora, hushona viatu langoni kwake. Mwezi uliopita niliona nitakufa na jambo hili kooni. Nikampelekea mkate.

"Mkate mzima! Nani amekufa?"

"Hakuna. Kaka, ile bunduki nilikuwa nimeshaipakia. Wewe ukaongeza."

Sindano ikasimama ndani ya soli.

"Mzee alijua?"

"Alijua siku ile ile."

"Ukaniacha nimtukane mpaka kaburini."

"Nilikuwa mtoto."

"Siku ya mazishi ulikuwa mtoto? Ulikuwa na wajukuu, wee mwanamke!"

Nilitazama viatu vya watu.

"Nilimnyima mzee udongo," akasema, wala hakuniambia mimi.

Jumamosi iliyofuata alikwenda nyumbani kijijini. Wa huko wanasema alishinda kaburini akipalilia kwa ule mkono mbovu. Kunipitia Umoja twende wote, hakunipitia. Simu zangu hashiki.